Dawa ya kuzuia mitufaha isirefuke: uzoefu wangu kwenye shamba lililobanana

Nimeitumia proheksadioni-kalsiamu kwa misimu kadhaa sasa, na kila anayeniuliza anataka jibu la mkato: inafanya kazi au haifanyi? Inafanya. Ila usitegemee kupumzika, maana kazi unayoiokoa kwenye mkasi utaikuta kwenye kupunguza matunda.

Miti yangu imekaa mita 1 kwa mita 3.5, imebebeshwa kwenye M9, shina la chini lenye mizizi linaloufanya mti ubaki mfupi. Hiyo ni zaidi ya miti 2,800 kwa hekta. Kwa mbanano huo, mti ukishiba naitrojeni huku matunda ni machache, machipukizi hukimbilia juu, matawi ya majirani yanashikana na katikati panakuwa giza. Tufaha la gizani halishiki rangi, majani yanachelewa kukauka baada ya mvua, na ukungu unapata makao. Nawe ukisema uikomoe miti hiyo kwa kuipogoa sana wakati imelala bila majani, ndiyo umeichokoza: ikiamka inakujibu kwa machipukizi mengi zaidi.

Dawa hii inauzuia mti kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha pingili. Haiui wala haiunguzi kitu. Shika chipukizi lililopigwa dawa ulitazame: majani yamesogeleana karibu kupandana, kijani kimekolea, ncha imefunga mapema. La mti wa jirani ambao haukupigwa lina pingili ndefu, na ncha yake laini bado inapanda.

Wengi wanaoilalamikia walichelewa. Inatakiwa ipigwe petali zikidondoka, chipukizi likiwa na sentimita 3 hadi 7 tu. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku 10 hadi 14, kwa hiyo anayengoja mpaka aone miti imeshatimka anakanyaga breki gari likiwa limeshaipita kona. Baada ya wiki 3 au 4 nguvu yake inapungua, na mti mkaidi usiporudiwa unaanza upya katikati ya msimu. Hilo la kuisha mimi nalipenda. Mwaka unaofuata mti unaanza bila deni, tofauti na paklobutrazoli, dawa nyingine ya kuzuia urefu, ambayo hukaa udongoni muda mrefu.

Kuna suala la maji, ambalo wauzaji hulipitia juu juu. Maji magumu yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo inaidhoofisha dawa tangini kabla haijafika kwenye jani. Mimi natanguliza salfeti ya amonia kwenye tangi, naikoroga iyeyuke, ndipo natia dawa. Ile kalsiamu tunayopulizia ili matunda yasipate mabaka ya kahawia naipiga siku nyingine kabisa. Kuzichanganya ni kumwaga hela.

Sasa hayo matunda. Mti uliozuiwa kurefuka hauangushi vitunda vichanga kama kawaida yake. Kishada cha maua matano ambacho kingebakiwa na tufaha moja au mawili, nakikuta kimeng'ang'ania manne. Ukiyaacha yote, utavuna vitufaha vidogo, na mwaka unaofuata mti unagoma kutoa maua. Ndiyo maana siku hizi naipangia ratiba moja na dawa ya kupunguza matunda, ile inayopigwa tufaha likiwa na kipenyo cha milimita 8 hadi 12, kisha tunapita kwa mkono kumalizia.

Nilichokipata juu ya nilichotarajia ni kupungua kwa ule ugonjwa wa bakteria unaokausha machipukizi yakawa meusi na kupinda kama fimbo. Chipukizi lililokomaa mapema halishambuliki kirahisi. Lakini dawa haiuzuii ugonjwa huo kuingilia kwenye maua, kwa hiyo kinga ya wakati wa maua iko palepale.

Mwenye aina za Empire au Stayman asome lebo kwa makini kabla ya kufungua pakiti, kwa sababu matunda ya aina hizo yanaweza kupasuka.

Siipigi shamba zima tena. Naipiga mistari ya bondeni kwenye udongo mzito, ambako miti ina nguvu kupita kiasi, na sehemu za juu za miti iliyokosa matunda. Miti michanga ambayo bado haijajaza nafasi yake kwenye waya zinazoishikilia siigusi kabisa, kwani hiyo naitaka irefuke.