Mshale uliomezwa na nyasi: nyota moja (sawa, mbili)

Nianze na ule mshale, maana bila huo nisingeandika chochote. Ni kigingi cha mbao kinachonifika kiunoni, kimepakwa mshale wa njano, kimesimikwa pale njia inapogawanyika. Kiunoni! Katika hifadhi ambayo nyasi zake, kiangazi cha hapa Iowa, Marekani, kikielekea kuisha, zinampita mtu mzima kichwa. Aliyekisimika lazima alikuja masika, wakiwa wameshachoma moto kama wanavyofanya, eneo zima jivu tupu na hata panya unamwona toka mbali. Akajifuta mikono, akaenda zake.

Nilimpeleka mama. Amekuja kututembelea hapa Des Moines kutoka Singida na alikuwa ameshachoka kutazama kuta za sebule. Nikamwambia twende ukaone prairi, ile mbuga ya nyasi ndefu iliyofunika sehemu kubwa ya jimbo kabla ya plau, ambayo siku hizi haijabaki hata asilimia 0.1. Kwingine kote ni mahindi na soya. Hii tuliyokwenda ni ya kurudishwa, shamba lililopandwa nyasi upya. Nikamweleza kwamba mbegu za mbuga za namna hii watu huziokota kandokando ya reli na kwenye makaburi ya zamani, kwa sababu huko jembe halikupita. "Makaburini?" aliuliza mara mbili, kisha akanyamaza mpaka tunaegesha gari.

Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Joto lilikuwa la kukaba koo (wenyeji husema mahindi yanatoka jasho, na kweli unyevu ule unatoka mashambani), lakini vipepeo walikuwepo na maua ya njano yalikuwa kila mahali. Mama akashika shina la nyasi moja yenye kichwa cha vidole vitatu, kama mguu wa bata mzinga, akalivuta. Halikutikisika. Mizizi ya nyasi hiyo inashuka mita 2 na zaidi. "Hii ingeezeka nyumba ikakaa," akasema.

Halafu tukafika kwenye njia panda. Kulia uchochoro uliofyekwa. Kushoto uchochoro uliofyekwa, mpana zaidi. Mshale hamna. Mama akautazama ule mpana, akasema, "Hiyo si njia, mwanangu. Hapo wamefyeka ili moto usivuke." Nikamjibu kwamba hapa ni Marekani, njia za watu huwa pana.

Tulitembea labda dakika arobaini. Maji yakaisha. Kupe wawili nikawatoa kwenye soksi. Mwisho wa ile "njia" ni uzio, na nyuma ya uzio nyati amesimama anatutazama kama mwenye duka anayekaribia kufunga.

Hapo ndipo akaja yule bwana na kigari chake, kofia ya wafanyakazi wa kujitolea kichwani. Hakusalimia. Akamwambia mama, neno moja moja na kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi: "Mme-po-te-a?" Nikamweleza habari ya njia panda. "Alama zipo." Nikamwambia hatukuiona. "Alama zipo." Nikasema labda imeanguka. Akarudia mara ya tatu, naapa, kisha akanyoosha kidole kwenye mmea mmoja mrefu wenye majani yaliyochanikachanika, akasema huo ni mmea wa dira, majani yake ya chini huelekeza ncha kaskazini na kusini, anayeujua hapotei. Bwana, mimi nimekuja kutembea, sikuja kufanya mtihani wa botania! Maji hakutoa. Kigari si cha abiria, akasema, akaondoka na vumbi lake.

Nyota moja. Nilikuwa nimeshaiandika kichwani, na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa.

Lakini mama alitaka kujua yule mtu amesema nini. Nikamtafsiria, kwa hasira. Akaufuata ule mmea, akachuchumaa, akatazama jua, akatazama majani. Akaenda kwenye mwingine. "Hajadanganya," akasema. "Yamegeuza uso kule linakotoka jua na kule linakozama. Gari tuliliacha upande linakotoka." Akatangulia. Kila akiuona mmea ule anausimamia kidogo, kama mtu anayeuliza njia kwa jirani.

Tuliporudi njia panda, akazitenganisha nyasi kwa mikono miwili. Mshale ule hapo, wa njano kabisa, unaelekeza kulia. Hakuniambia kitu. Afadhali angesema.

Kwa hiyo sijui. Kiingilio hakuna, na mbuga yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye panga na dakika tano, pamoja na salamu. Naweka mbili. Mama anasema niweke nne na nimrudishe kabla hajapanda ndege, lakini mama hakuangalia ule uso wa dharau kwa karibu kama mimi, au aliuangalia akauacha.

Nyumbani nilikuta kanga yake imejaa mbegu pindoni. Nikamwambia azitupe, haziruhusiwi kusafirishwa. Alizikung'uta kwenye kiganja, akafunga kiganja, akaenda chumbani.