Siafu na nyuki: nani anaamua vizuri bila mkubwa?

Mvua ikikatika, chungulia msafara wa siafu ukikatiza njia. Kwa mbali, maana wakikupanda utavua suruali hadharani. Askari wenye taya wanasimama pembeni vichwa juu, wadogo wanapita katikati. Wote vipofu. Kila mmoja anafuata harufu ya aliyetangulia na kuongeza yake. Malkia haamrishi chochote, kazi yake kutaga.

Nyuki wanaohama nao hawana kiongozi, ila wana mjadala. Kundi linaning'inia tawini, wapelelezi wanakwenda kutafuta tundu la kuhamia. Anayerudi anacheza huku akitikisa tumbo: mwelekeo wa mchezo unaonyesha upande, muda wa kutikisika unaonyesha umbali. Tundu likiwa zuri, anarudia mchezo mara nyingi zaidi. Mjerumani Martin Lindauer aliyachunguza haya miaka ya 1950. Baadaye Thomas Seeley wa Marekani akaonyesha kwamba wapelelezi wakifikia idadi fulani kwenye tundu moja, shauri limekwisha. Tena wapo wanaompiga kichwa anayenadi tundu jingine, anyamaze!

Siafu ni wepesi zaidi, lakini harufu haina breki. Binamu zao wa Amerika, njia ikijikunja na kukutana na mkia wake, huzunguka duara hilo hadi wafe kwa uchovu. Kwa kusaka chakula, nawapa siafu. Kwa kuchagua nyumba, nyuki, hata kama wanachukua siku mbili tatu wakibishana.