Visigino vya silikoni vya kuweka ndani ya viatu, vya shilingi 7,000: vimenisaidia, ila si kama muuzaji alivyoapa

Nafundisha darasa la tatu, Temeke. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana niko wima juu ya sakafu ya saruji, na watoto ni 90 na ushei, kwa hiyo kiti cha mwalimu ni pambo tu. Ukikaa, huko nyuma vita vya penseli vinaanza.

Mwezi wa kumi mwaka jana kisigino cha kulia kilianza kuniuma. Hakikuuma kutwa. Kilikuwa kinaningoja asubuhi: nashusha mguu kitandani, nakanyaga, nahisi msumari umeingia. Nikienda chooni na kurudi kinatulia, nikimaliza vipindi kinaanza upya.

Ushauri haukunipungukia. Mwalimu mwenzangu alisema ni gauti, niache nyama nyekundu. Jirani akasema nimekanyaga kitu kilichotegwa mlangoni, na fundi wa kukitoa anamjua. Mama mkwe alinichua kwa mafuta ya karafuu wiki mbili nzima. Nilinukia vizuri sana.

Mwishowe nikaenda hospitali, nikapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo. Dada wa pale alinibonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, nikaruka. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka karibu na vidole, nao ndio unaoshikilia ule upinde. Kusimama sana, uzito kuongezeka, viatu vyembamba, vyote vinauvuta mpaka unauma pale uliposhikamana na mfupa. Ukilala unakaza, ndiyo maana hatua za kwanza ni moto. Halafu akaniuliza, "Nyumbani unavaa nini, mwalimu?" Nikamwonyesha ndala nilizokwenda nazo. Kisiginoni zilikuwa zimelika, zimebaki kama karatasi. Alicheka, nami nikacheka, ingawa sikupenda.

Alinipa mazoezi, akaniambia nitafute visigino vya silikoni vya kuweka ndani ya viatu.

Jozi ya kwanza niliipata kwa 3,000 kwa kijana anayepanga bidhaa chini. Kumbe ilikuwa povu limepakwa rangi. Wiki mbili, limelala chapati. Ya pili nilinunua Kariakoo, bei ya kuanzia 12,000, tukaelewana 7,000. Hii ni silikoni kweli: ukiikunja inarudi, ina umbo la kikombe kinachokumbatia kisigino, na katikati kuna duara la bluu laini zaidi, panapokaa pale panapouma. Muuzaji aliapa kwamba vinatibu pia kiuno, magaga na presha. Nililipia kisigino tu.

Nimevivaa tangu Februari, miezi minne sasa. Siku ya kwanza nilijiona mrefu kidogo, maana vinanyanyua. Kufikia Ijumaa ya wiki ile tofauti ya mchana ilikuwa wazi: kengele ya mwisho inalia na bado natembea kama mtu, sichechemei kwenda kituoni. Hapo vimefanya kazi, siwezi kuvinyima sifa.

Lakini asubuhi hazikubadilika hata kidogo. Nilishangaa, mpaka nikajiuliza: usiku si navilaza kwenye kiatu? Kilichosaidia asubuhi ni yale mazoezi ambayo mwanzoni niliyadharau kwa kuwa ni ya bure. Kabla ya kushuka kitandani napitisha kanga chini ya vidole, navivuta kuja kwangu, nahesabu mpaka thelathini, mara tatu. Jioni naegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike. Baadaye naviringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa, nikiwa nimevaa soksi. Na zile ndala nilizitupa. Pembeni ya kitanda sasa kuna yeboyebo nene. Hayo yote kwa pamoja yalichukua kama wiki tisa kabla sijaamka siku moja na kusahau kabisa kwamba nina kisigino.

Kasoro zake. Kwenye viatu vya flati havifai: vinakunyanyua, kiatu kinachomoka, mimi kilinivuka mbele ya mzazi. Sandozi ndiyo usahau. Vinataka kiatu chenye kamba na mgongo mgumu, na hapo ndipo gharama halisi ilipo, kwa sababu nililazimika kwenda Karume kutafuta raba za mtumba, 25,000. Ukiichagua raba, ikunje: ikijikunja katikati kama kitambaa, iache, inatakiwa ijikunje kwenye vidole. Joto la Dar nalo linavifanya viteleze, jasho likizidi. Na vinanasa kila kitu, vumbi la chaki, nywele, nyuzi za soksi. Mimi navifua kwa sabuni ya kipande kila Jumamosi, navianika kivulini.

Vaa vyote viwili hata kama unaumwa mguu mmoja. Mimi nilianza na kimoja, siku tatu baadaye nyonga ya upande wa pili ikaanza kulalamika.

Mwenye kisukari, hasa aliyeanza kupata ganzi miguuni, asinunue kwa kusoma maneno yangu. Kitu kinaweza kumchubua ndani ya kiatu asihisi, kidonda kikakua. Aonwe kwanza na daktari, na aachane na kuloweka miguu kwenye maji ya moto. Vilevile kama kisigino kimevimba, kina joto, au kilianza kuuma baada ya kuanguka, hiyo si kazi ya silikoni.

Kwa 7,000 nitanunua tena. Nilishanunua, kwa kweli: jozi moja nilimpelekea mama mkwe, kumlipa karafuu zake. Havai kiatu chochote zaidi ya kandambili, kwa hiyo ameviweka kabatini pamoja na sahani za wageni.