Tulipoachana na utepe tukachorewa mistari ya epoksi ghalani

Kwa mwaka mzima njia za ghala letu zilionyeshwa kwa utepe wa plastiki wa njano. Siku ya kuubandika unapendeza. Wiki chache baadaye foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, zinapokata kona, magurudumu yanauchuna kama ganda la ndizi, na paleti (kichanja cha kupangia mizigo) ikiburutwa juu yake ndiyo kwaheri. Mara mbili nimeshuhudia mpakiaji akijikwaa kwenye utepe tulioweka ili asiumie.

Tukaita mafundi wa mistari ya rangi ya epoksi, ile inayochanganywa na kigumishi ikakauka ngumu sakafuni. Siku nzima ya kwanza sikuona hata tone la rangi. Walikuwa wakisugua zege kwa mashine, wakivuta vumbi, wakisafisha madoa ya oili, mimi pembeni nanung'unika. Jioni wakabandika vipande vya nailoni sakafuni, kingo zote zimezibwa, wakaviacha hadi kesho yake. Kipande cha karibu na mlango wa kupakulia kiliamka na matone ya maji upande wa chini. Fundi mkuu akasema hapo unyevu unapanda kupitia zege, rangi haitashika, tupaache pakauke kwanza. Nilikuwa na haraka, nikang'ang'ania wapake. Miezi miwili haikuisha, mstari wa pale ukafura malengelenge na kubanduka. Hilo silaumu mtu.

Kilichonifurahisha zaidi ni upimaji. Hawakufuata mistari yetu ya zamani. Waliomba foklifti kubwa kuliko zote ipite na mzigo mpana, wakapima, kisha wakaongeza karibu mita moja kwenye upana wa njia. Kumbe njia yetu ya katikati ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, na rafu moja ikabidi isogezwe. Mistari yenyewe ina upana wa sentimita 10, unaiona vizuri hata ukiwa juu ya foklifti. Nilitaka rangi sita, kila bidhaa na yake, wakanikatalia. Njano ikabaki ya njia, nyeupe ya sehemu za paleti, nyekundu ya mbele ya mitungi ya kuzimia moto peke yake, pasiwekwe kitu. Sasa naona walikuwa sahihi, maana hakuna anayeuliza rangi fulani ina maana gani.

Lawama ninayo moja. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba kukanyaga kwa miguu ni baada ya saa 24, ila foklifti zisubiri siku tatu. Tumeambiwa rangi ikiwa mbichi tayari sakafuni, na malori yamepanga foleni nje. Mteja mwingine aulize hilo kabla ya kupanga siku.

Huu ni mwezi wa nane tangu wapake. Kwenye kona kuna weusi wa matairi, unatoka kwa sabuni na brashi ngumu. Kwingine mistari iko vilevile. Mafundi wanarudi mwezi ujao kwa kile kipande cha mlangoni, na safari hii nailoni itabandikwa tena kabla sijafungua mdomo.