Sponji za studio kutoka Kariakoo: mwangwi umekwisha, kinu cha jirani kiko palepale

Kazi yangu ni kutia sauti: matangazo ya redio, masomo ya mtandaoni, na ule ujumbe wa simu unaokwambia salio lako halitoshi. Narekodia nyumbani Tabata, chumba cha mita 3 kwa 3, vigae chini, plasta laini ukutani. Kabla ya sponji, ukipiga kofi humo ndani ukuta unakurudishia kofi lako likiwa na mlio wa bati. Nikachukua zile nyeusi zenye vipembe, unene sentimita 5, pakiti ya vipande 12 kwa shilingi 45,000.

Hesabu kwanza, kwa sababu picha za matangazo zinadanganya macho. Kila kipande ni sentimita 30 kwa 30, kwa hiyo pakiti nzima inafunika mita moja ya mraba na kidogo tu. Kwa chumba changu, nyuma ya maiki na pembeni pekee, zilikwenda pakiti nne.

Kwenye mwangwi zinafanya kazi kweli. Hewa inayotikisika inaingia kwenye vitundu vya sponji, inasuguana humo, nguvu yake inaishia kuwa joto dogo mno lisilohisika. "S" na "sh" zangu sasa zimetulia, na mteja mmoja ameuliza kama nimehamia studio. Ila mwenzangu mwenye besi alipokuja kurekodi, sauti yake bado ilivuma kama yumo ndani ya pipa. Sababu ni urefu wa wimbi. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti hewani inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Wimbi la hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 35, la hezi 100 lina mita 3 na nusu. Sponji inameza vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya wimbi, yaani hii ya sentimita 5 inaanza kuchapa kazi kwenye hezi 1,700 hivi kwenda juu. Fundi akikubandikia juu ya fito, ikabaki nafasi ya hewa nyuma yake, inashuka chini zaidi bila kuongeza hata kipande kimoja. Mimi nilipiga fito, na godoro la zamani nikalisimamisha kwenye kona.

Sasa maneno ya muuzaji: "Dada, ukibandika hizi, hata disko likipigwa mlangoni husikii." Hapana, kaka. Kinachozuia sauti isipite ni uzito. Mita moja ya mraba ya sponji hii ina kilo moja na ushee. Ukuta wa tofali la inchi 6 unapita kilo 200, na hata huo ukiuongeza uzito mara mbili unapunguza kama desibeli 6 tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Bodaboda zinaingia kupitia upenyo wa chini ya mlango kama kawaida.

Na kinu cha mama wa ghorofa ya juu ndiyo kabisa. Kishindo chake hakipiti hewani; kinaingia kwenye zege, ambamo sauti inakwenda zaidi ya mita 3,000 kwa sekunde, kinasambaa kuta zote ndipo kinamwagika chumbani kwangu. Nilimpelekea kipande kinene cha mpira wa tairi akakiweka chini ya kinu. Kimesaidia kuliko pakiti zote nne, tena bure.

Ukiwa dukani, puliza sponji kwa mdomo. Pumzi ikipita upande wa pili, vitundu vimeungana, nunua. Isipopita, hiyo ni ya kufungashia televisheni. Kisha uliza kama imetiwa dawa ya kuzuia moto, maana sponji ya kawaida inashika haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani kwenye klabu ya muziki, wakafa watu 100. Muuzaji wangu hakuwa na jibu, kwa hiyo mishumaa na kiberiti haviingii humo.

Gamu ya karatasi wanayokupa na pakiti itupe, inang'oka na rangi ya ukuta.

Nyota tatu kati ya tano. Kama una sauti nzito, ulizia za sentimita 10. Zile za unene wa inchi moja ni mapambo ya video.