Pucará: bodi safi, injini ya kuazima

Ukiitazama ndege ya mashambulizi FMA IA-58 Pucará kwa jicho la fundi, utaanza na miguu. Ndege imesimama juu kama korongo, matairi yake yamejazwa upepo kidogo yasizame, na propela za mapanga matatu ziko mbali na kokoto. Kiwanda cha Fábrica Militar de Aviones cha Córdoba, Argentina, kiliichora ifanye kazi kwenye viwanja vya udongo na nyasi, na kwa hilo hatuna la kukosoa. Inapaa ndani ya mita 300 hivi, ikitua inasimama ndani ya mita 200. Ikifungiwa roketi za kusukuma chini ya tumbo, mita 80 zinatosha.

Jina lake ni la Kikechua: pucará ni ngome ya mawe ya watu wa Andes. Kazi iliyokusudiwa ni kupiga waasi wasio na ndege wala makombora, na mara ya kwanza ilitumwa mkoani Tucumán, Argentina, katikati ya miaka ya 1970. Ukiisahau shabaha hiyo, utaihukumu vibaya.

Marubani wawili hukaa mmoja nyuma ya mwingine, kiti cha nyuma kikiwa juu zaidi kwa sentimita 25, kwa hiyo hata wa nyuma anaona mbele vizuri. Sakafu ina bamba la kuzuia risasi za milimita 7.62 zinazopigwa kutoka mita 150. Viti ni vya Martin-Baker, vinavyoweza kumfyatua rubani hata ndege ikiwa imesimama chini. Ila viti hivyo ni vya Uingereza, na baruti zake zina tarehe ya kuisha, kwa hiyo ni jambo la kufikiria kama unapanga kugombana na Uingereza.

Silaha za kudumu ni mizinga miwili ya milimita 20, kila mmoja na risasi 270, na bunduki nne za rashasha za 7.62, kila moja na risasi 900. Zimefungwa zote kwenye mwili, hakuna iliyo bawani, kwa hiyo haina shida ya kuelekeza mistari ya risasi ikutane umbali fulani. Kasoro ni kwamba risasi za mizinga zinaisha baada ya takribani sekunde 20 za kufyatua mfululizo. Mabomu na roketi hubebwa sehemu tatu, moja chini ya tumbo na moja chini ya kila bawa. Rada haina.

Sasa injini, maana hapa ndipo pa kuulizia kabla ya kununua. Mfano wa kwanza uliruka Agosti 20, 1969 ukiwa na Garrett TPE331 za Marekani. Wa pili, mwaka 1970, ulifungwa Turbomeca Astazou XVIG za Ufaransa, nguvu za farasi 978 kila moja, na hizo ndizo zilizobaki kwenye ndege za uzalishaji. Astazou ni injini ya shafti moja: kompresa inayobana hewa, turbini inayozungushwa na gesi ya moto, na propela vyote vimeungana kupitia giaboksi. Faida yake rubani anaiona mara moja. Mizunguko haibadiliki, kinachobadilika ni pembe ya mapanga tu, hivyo akisukuma wenzo nguvu inakuja papo hapo. Kwa ndege inayochomoka kwenye bonde baada ya kuangusha bomu, hiyo ni roho.

Gharama yake inalipwa chini. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, haizungushi kompresa peke yake, inazungusha na propela nzima. Kabla ya kuwasha, mapanga lazima yawe kwenye pembe ya chini kabisa, yapite hewani bila kuikata. Yakiachwa na pembe, au betri ikiwa dhaifu, mizunguko inapanda polepole huku mafuta yanaingia, joto la moshi linaruka, na turbini inaungua kabla ndege haijasogea. Tena injini ikizima angani, propela isipogeuzwa ubavu haraka, mapanga yaelekeze ukingo kwenye upepo, inazungushwa na upepo pamoja na kompresa yote. Mvuto wa upande huo ni mkubwa mno, na kwa mwendo mdogo usukani wa mkia hauwezi kuumudu muda mrefu.

Wala tatizo la injini halikuanza na Pucará. Córdoba walijua kuchora mabawa tangu zamani, injini ndiyo ilikuwa ikiwakwamisha. Pulqui I ya mwaka 1947, ndege ya kwanza ya jeti kutengenezwa Amerika ya Kusini, iliruka kwa injini ya Derwent ya Rolls-Royce ya Uingereza. Huanquero ya 1953 ilitumia injini za El Indio za nyumbani, lakini mjukuu wake wa usafirishaji, Guaraní II, akahamia Bastan za Ufaransa. Kituko kikubwa ni Naranjero ya mchoraji wa ndege Reimar Horten, bawa tupu lisilo na mwili, la mita 32, lililokusudiwa kubeba machungwa. Lilipewa injini nne za El Gaucho za farasi 450 kila moja, likaruka Desemba 1960, likashindwa kwa uhaba wa nguvu na mradi ukafa.

Mtihani mkubwa wa Pucará ulikuwa vita vya 1982 kwenye visiwa ambavyo Argentina huviita Malvinas na Waingereza Falklands. Usiku wa kuamkia Mei 15, makomando wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, waliingia kisiwa cha Pebble na kuharibu ndege 11 zikiwa chini, 6 kati yake Pucará. Ndege inayoweza kulala popote inahitaji walinzi popote. Mei 21 nyingine iliangushwa kwa kombora la Stinger la begani: kwa kasi isiyozidi kilomita 500 kwa saa, kulikimbia haiwezekani. Mei 28, karibu na Goose Green, Pucará iliangusha helikopta ya Scout ya Uingereza, lakini rubani wake aligonga mlima na mabaki yake yakapatikana mwaka 1986. Hakuna Pucará iliyopelekwa visiwani iliyorudi.

Wateja wa nje walikuwa wachache. Uruguay ilinunua 6 mwaka 1981 ikazitumia hadi 2017. Sri Lanka ilichukua 4 miaka ya 1990, ikapoteza 3, na ya mwisho ikawekwa chini 1999 kwa kukosa vipuri. Ukiwa na ndege nne tu na injini ambayo mtengenezaji ameshaiacha, utachinja moja ili nyingine ziruke.

Argentina yenyewe iliiondoa kwenye mashambulizi Oktoba 2019. Kabla ya hapo, Novemba 2015, ilirushwa moja iliyofungwa PT6A-62, injini ambayo turbini ya propela haijaungana na kompresa, kwa hiyo stata inapumua. Toleo hilo linaitwa Fénix, la doria na uchunguzi. Kulitambua ni rahisi: hesabu mapanga, ni manne. Ya zamani yenye matatu, A-515 iliyotekwa vitani na kujaribiwa kituo cha Boscombe Down, Uingereza, mwaka 1983, iko makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, huko Cosford. Ukifika, inama chini ya pua uone midomo ya mizinga.