Uzoefu Wangu wa Kusafiri na ZIPAIR Kutoka Narita Hadi Los Angeles

Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Los Angeles, mimi nilikuwa mwanafunzi katika mkoa wa Chiba, nchini Japani, nikiishi kwa posho isiyotosha kununua tiketi ya kawaida ya kuvuka Bahari ya Pasifiki. Nauli niliyoikuta katika shirika la ndege la ZIPAIR ilikuwa pungufu ya nusu ya zile nilizozoea kuziona. Badala ya kufurahi niliingiwa na shaka, nikajiuliza ni kitu gani kilichoondolewa hata bei ikashuka kiasi hicho. Nilitumia jioni mbili kulitafuta jibu kabla ya kulipa, na ninaliandika hapa kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko jambo jingine lolote katika safari hii.

ZIPAIR ni kampuni tanzu ya Japan Airlines, iliyoundwa mwaka 2018 kwa ajili ya safari ndefu za nauli nafuu. Ilipangiwa kuanza kubeba abiria kwenda Bangkok mwezi Mei 2020, lakini Uviko-19 ukafunga mipaka, ikalazimika kuanza Juni mwaka huo kwa kubeba mizigo tu bila abiria. Abiria wake wa kwanza walipanda mwezi Oktoba kwenda Seoul, na njia ya Los Angeles ikafunguliwa Desemba 2021. Ninaamini kwamba kampuni changa isiyo na mzazi wa kuiegemea isingeweza kuhimili mwanzo wa namna hiyo. Hata Norwegian, shirika la ndege la Norway lililokuwa likivuka Atlantiki kwa nauli nafuu na kwa ndege za Boeing 787 kama zile za ZIPAIR, liliachana na safari ndefu Januari 2021.

Ugumu wenyewe unaeleweka. Shirika la nauli nafuu linalofanya safari fupi hupata nafuu kwa kuirusha ndege moja mara nyingi kwa siku, lakini ndege inayokaa angani saa kumi haiwezi kurushwa hivyo, na mafuta inayoyateketeza hayapungui kwa sababu tiketi ni rahisi. Kwa hiyo nafuu hutafutwa ndani ya ndege. Japan Airlines huweka viti vinane kwa kila safu ya daraja la kawaida katika ndege zake za 787 za safari za kimataifa. ZIPAIR huweka tisa, na ndege yake nzima ina viti 290, ambavyo 18 kati yake hulazwa vikawa vitanda. Hakuna skrini mbele ya kiti. Chakula, blanketi, begi la kupakiwa chini na hata kuchagua kiti hulipiwa kimoja kimoja. Baada ya kuyaelewa hayo shaka yangu ilikwisha, kwa kuwa kila kilichopunguzwa kilikuwa wazi na hakuna hata kimoja kilichogusa usalama.

Mizigo ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Nauli ya msingi inaruhusu kilo 7 tu za mkononi, na hesabu hiyo inajumuisha pia mkoba wa begani. Nilikuwa na doti sita za kanga ambazo mama alizituma kutoka Tanga kwa ajili ya mzazi na mtoto, na kanga zikikunjwa pamoja zina uzito kuliko mtu anavyodhani. Nilipima begi nyumbani, nikaona limezidi, nikanunua nafasi ya begi la kupakiwa kupitia tovuti siku kadhaa kabla ya safari. Ninamshauri kila mtu afanye hivyo mapema, na chakula nacho akiagize mapema.

Tuliondoka uwanja wa ndege wa Narita, ulio jirani na Tokyo, alasiri na kufika Los Angeles asubuhi ya tarehe ile ile, kwa sababu njiani huvukwa mstari wa kimataifa wa tarehe, ambapo kalenda hurudi nyuma siku moja. Nafasi ya miguu ilinitosha, nami ni mtu wa kimo cha wastani. Mtu mrefu ataubana mwili wake, hasa akikaa katikati. Wahudumu, waliovaa raba nyeupe badala ya viatu vya kisigino, walikuwa wachache lakini wepesi na wenye adabu. Intaneti ya Wi-Fi ni ya bure kwa kila abiria, nikaweza kuzungumza na dada kwa ujumbe tukiwa juu ya bahari. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba vyoo vina maji ya kujisafishia. Kwa sisi tuliolelewa pwani, ambao katika ndege nyingine hulazimika kuingia chooni na chupa ya maji mkononi, hiyo ni heshima ambayo sikuwahi kuipata katika tiketi za bei kubwa.

Kuna tahadhari moja ambayo naisisitiza. ZIPAIR huuza safari ya kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, wala haiunganishi mizigo na ndege za mashirika mengine. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi na kutaka kuendelea nayo kutoka Narita atakuwa na tiketi mbili zisizojuana: atachukua begi lake mwenyewe, atapita uhamiaji, atahitaji ruhusa ya kuingia Japani, na ndege ya kwanza ikichelewa, hasara itakuwa yake.

Mama anatarajia kuja Japani majira ya kuchipua, kisha twende pamoja kumwona mjukuu. Kwa kuwa safari yetu itaanzia Narita, nimekwisha kuchagua ZIPAIR tena, na mara hii nitalipia begi la kupakiwa, milo miwili, blanketi, na kiti cha kandokando ya njia ili mama aweze kunyoosha miguu.